Kimea, Maji na Kipimo
Namna watu walivyojifunza kutoa utamu wote katika mbegu

Katika muji wa Sankt Gallen, inchi ya Uswisi, maktaba ya abasia ya zamani inachunga hata leo muchoro mukubwa wa ngozi uliofanywa karibu na mwaka 820. Muchoro huo unaonyesha abasia nzima, jinsi watawa wa Mutakatifu Benedikto walivyowaza kuipanga: kanisa, shule, nyumba ya wagonjwa, bustani, zizi la farasi, hata nyumba ya kuku na ya bata. Na mutu akitazama vizuri ataona nyumba tatu za kupikia pombe. Moja iko karibu na jiko la watawa, ya pili karibu na nyumba ya wageni wakubwa, ya tatu karibu na nyumba ya wasafiri na maskini. Kanuni ya Mutakatifu Benedikto, katika sura ya 40, inataja divai tu, kwani iliandikwa Italia ambako mizabibu inastawi. Kule kaskazini mizabibu ni michache na shayiri ni nyingi, basi watawa wakanywa maji ya shayiri.

Lakini shayiri iliyokwisha kutiwa katika pipa haiwezi tena kuwa mukate. Mwaka wa njaa kila kikapu kilihesabiwa. Ndiyo maana tangu zamani sana wapishi wa pombe walikuwa na swali moja lililowasumbua: katika mbegu hizi tulizosaga, tumetoa utamu wote, ao tumeutupa nusu pamoja na machicha? Swali hilo linaonekana dogo. Lilichukua miaka elfu moja kujibiwa, na jibu lake liligusa kodi za wafalme, mufuko wa tajiri na kikombe cha mutumishi.

Tueleze kwanza kazi yenyewe, kwa maana wasomaji wengine wanaijua kwa kinywa tu. Mbegu ya shayiri, kama ya mutama ao ya ulezi, ni gala ndogo. Muti mama umewekea mutoto wake chakula ndani yake, nacho ni wanga. Wanga hauyeyuki katika maji baridi, na chachu haiwezi kuula. Lakini mbegu ikilowekwa na kuanza kuota, ndani yake vinaamka vitu vinavyokata wanga vipande vidogo vidogo mpaka unakuwa sukari. Watu wa elimu wanaviita enzimu. Hapo mupishi anaikausha mbegu ili isiote zaidi: ndicho kimea. Kimea kinasagwa, kinatiwa katika maji ya moto, kinakuwa uji. Uji unangoja saa moja ao zaidi. Halafu maji matamu yanachujwa, yanachemshwa, yanapozwa, na chachu inatiwa. Yaliyobaki katika chujio ni machicha. Fungu la utamu lililokwenda na maji, tukilipima kwa utamu wote uliokuwa ndani ya kimea, ndilo tunaloliita hapa mavuno ya uji.

Ndugu zetu wa Katanga hawatashangaa. Mama anayepika munkoyo anapika uji wa mahindi, kisha anatia ndani mizizi iliyopondwa ya vichaka fulani vya pori. Uji uliokuwa muzito unakuwa mwepesi, tena mutamu. Mizizi ile ina enzimu za kukata wanga, sawa na kimea. Na mama anajua kwamba asiitie katika uji unaochemka. Anangoja moto upungue. Hajafundishwa na kitabu. Alifundishwa na mama yake, na elimu ile ni ya kweli kabisa, kwa sababu joto la kuchemka linaua enzimu mara moja.

Wapishi wa Ulaya nao walijua hivyo bila kitabu na bila kipimo cha joto. Uingereza, kwa mufano, mupishi alichemsha maji, akangoja muvuke upungue mpaka akaweza kuona sura yake juu ya maji. Hapo akatia kimea. Kisha akafungua pipa, maji matamu yakatoka, akamwaga maji ya moto mara ya pili juu ya kimea kilekile, na mara ya tatu. Maji ya kwanza yalifanya pombe kali. Ya pili yalifanya pombe ya kawaida. Ya tatu yalifanya pombe nyepesi ya watumishi na watoto, kinywaji cha kila siku kisicholevya mutu, tena chenye salama kwa vile maji yake yalikuwa yamechemshwa. Watu wengi wanapenda kusema kwamba zile nyumba tatu za Sankt Gallen zilifuata mafungu hayo matatu, pombe nzuri kwa watawa na maji ya mwisho kwa maskini. Muchoro wenyewe hausemi hivyo hata kidogo. Unaonyesha nyumba tu. Tena si haki kuwasingizia watawa ubahili juu ya muchoro wa nyumba.

Jambo la kushika ni hili: katika desturi ile ya zamani mavuno ya maji ya kwanza yalikuwa mabaya, lakini utamu haukupotea. Kilichobaki katika machicha ya bwana kilikwenda katika kikombe cha mutumishi.

Mabadiliko yalianza London. Michael Combrune, mupishi wa pombe, alitia kipimo cha joto katika pipa lake la uji, na mwaka 1762 akatoa kitabu kikubwa juu ya kazi hiyo. Tangu hapo mupishi aliweza kusema digri ngapi, hakungoja tena kuona sura yake. Kisha kilikuja kipimo cha pili, ambacho kwa historia yetu ni kikubwa kuliko cha kwanza: chombo cha kioo ao cha shaba kinachoelea katika maji matamu. Maji yakiwa na sukari nyingi chombo kinaelea juu. Yakiwa na kidogo kinazama. James Baverstock, kijana wa muji wa Alton, alianza kukitumia karibu na mwaka 1768 katika kiwanda cha baba yake. Baba hakupenda mambo hayo. Inasimuliwa kwamba kijana alimuonyesha Samuel Whitbread, mupishi tajiri wa London, naye akamurudisha nyumbani akafanye kazi yake na kuacha ndoto. Henry Thrale, tajiri mwingine wa kazi ileile, alimusikiliza. Mwaka 1784 John Richardson wa Hull akatoa kitabu cha hesabu za kipimo hiki: pipa moja la maji matamu linazidi pipa moja la maji tupu kwa ratili ngapi, na kila namna ya kimea inaleta ratili ngapi.

Mara moja siri ikatoka inje. Watu wa London walipenda sana pombe nyeusi inayoitwa porter, iliyopikwa kwa kimea cha rangi ya kahawia, kilichokaushwa kwa moto mukali wa kuni. Kimea hicho kilikuwa rahisi sokoni. Lakini kipimo kilionyesha kwamba moto ule umeharibu utamu mwingi. Kimea cheupe, ingawa bei yake ilizidi, kilileta maji matamu mengi zaidi, hata kikawa ndicho cha bei rahisi kwa kweli. Matajiri wakafanya hesabu, wakaacha kimea cha kahawia polepole, wakashika kimea cheupe. Pombe ikapoteza weusi wake. Na wanywaji walitaka weusi! Hapo wengine wakatia sukari iliyoungua, wengine wakatia vitu vichungu vya duka la dawa. Mwaka 1816 Serikali ikakataza kutia kitu chochote isipokuwa kimea na maua ya hubloni. Mwaka uliofuata, 1817, Daniel Wheeler akapata hati ya ufundi wake wa kukaanga kimea katika pipa la chuma linalozunguka, kama vile kahawa inavyokaangwa, kikawa cheusi kabisa. Kidogo tu kinatosha kutia rangi pipa zima la pombe ya kimea cheupe. Hivi porter nyeusi ya siku zile na porter ya mababu zake zilikuwa ndugu wa jina tu. Tumekaa hapa kidogo kwa sababu mufano huu unaonyesha vizuri kwamba kipimo hakileti hesabu tupu. Kinabadilisha hata ladha ya inchi.

Wakati huohuo, Uskoti, wapishi walikuwa na desturi nyingine. Hawakujaza pipa mara tatu. Walifanya uji mara moja, kisha maji matamu yalipokuwa yakitoka chini, walinyunyiza maji ya moto juu polepole, kama mvua ndogo inayonyesha juu ya shamba. Maji yanayoshuka yanasukuma utamu mbele yake mpaka machicha yanabaki karibu bila kitu. Kufika katikati ya karne ya 19 Waingereza nao waliishika desturi hiyo. Ni njia nzuri, na sisi tunaisifu kama kazi ya akili. Lakini tunafikiri pia juu ya mutumishi: maji yaliyokuwa fungu lake sasa yanaingia katika pipa la kuuzwa. Pombe nyepesi haikufa siku moja, wala chai na kahawa hazikukosa sehemu yao katika kufa kwake. Hata hivyo, chombo cha kunyunyiza hakikumusaidia.

Juu ya sababu ya utamu wenyewe, wapishi walikuwa bado gizani. Mwanga ulitoka kwa wenye elimu ya madawa. Gottlieb Kirchhoff, katika muji wa Sankt Petersburg, alionyesha kati ya mwaka 1811 na 1815 kwamba wanga unaweza kuwa sukari kwa asidi, na pia kwa kitu kilicho ndani ya mbegu yenyewe. Mwaka 1833 Wafransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walikamua kimea katika maji, wakatenga ungaunga mweupe unaoyeyusha wanga mwingi sana kwa kiasi kidogo. Wakauita diastazi. Baadaye ilijulikana kwamba si mutumishi mumoja, ni wawili. Wa kwanza anapenda joto la digri 60 mpaka 65, anakata sukari nyepesi ambayo chachu inaila yote. Wa pili anastahimili digri 70, anakata ovyo katikati ya mukufu wa wanga, na anaacha vipande ambavyo chachu haivili. Ndiyo maana mupishi akitaka pombe kavu anashika joto la chini, akitaka pombe nene anapandisha. Cornelius O'Sullivan, Mwayrlandi aliyefanya kazi katika kiwanda cha Bass huko Burton, ndiye aliyethibitisha mwaka 1872 kwamba sukari ya kimea ni sukari ya namna yake, si ile ya zabibu. Na tangu mwaka 1814 ilijulikana kwamba iodi inageuza wanga kuwa buluu: tone moja la iodi katika uji, likibaki na rangi yake ya manjano, wanga umekwisha, likiwa buluu, ngoja bado.

Sasa tufike Ubelgiji, kwa kuwa ndiko viwanda vyetu vya kwanza vilikotoka. Sheria ya tarehe 2 Agosti 1822, wakati Ubelgiji na Uholanzi zilipokuwa ufalme mumoja, haikupima kimea wala pombe. Ilipima pipa la uji. Kadiri ya litri zinazoingia ndani yake, ndivyo mupishi alivyolipa kila alipopika. Ubelgiji ulipojitenga mwaka 1830 ulishika njia ileile ya kodi mpaka mwaka 1885.

Tufikiri kama mupishi wa siku zile. Pipa lake ni la litri 1000. Kodi ni ileile, atie kilo 200 za unga ao kilo 400. Basi alijaza pipa mpaka mudomo. Maji yakawa machache, uji ukawa mugumu hata wanaume waliukoroga kwa miti kwa nguvu zao zote. Kwa vile hakuna nafasi, walisukuma vikapu virefu ndani ya uji, wakachota maji meupe mazito yanayokusanyika ndani, wakayachemsha katika chungu kingine, wakayarudisha. Georges Lacambre alieleza kazi hizo kinaganaga katika kitabu chake cha mwaka 1851. Mutu wa leo anayehesabu mavuno ya uji angelia machozi. Lakini ule haukuwa ujinga. Sheria ndiyo iliyofanya nafasi ya pipa kuwa ghali kuliko shayiri, na mupishi aliokoa kile kilichokuwa ghali. Katika vijiji vya karibu na Bruxelles, wapishi wa lambic wanafuata hata leo desturi ya maji mazito, pamoja na ngano isiyooteshwa, kwa maana pombe yao inahitaji wanga uliobaki ili vijidudu vya pipa viule taratibu kwa miaka.

Sheria ya mwaka 1885 ikageuza kila kitu: kodi ikapimwa kwa kilo za unga. Kwa siku moja, kilo iliyobaki katika machicha ikawa kilo iliyolipiwa kodi bure. Hapo ndipo mapipa makubwa, mashini za kusaga vizuri na maji ya kunyunyiza vikapata maana Ubelgiji. Kiwanda cha Meura cha muji wa Tournai kilijulikana kwa chujio lake la vitambaa na mabamba yanayokamua uji. Hata watawa walifuata. Profesa Jean De Clerck wa Leuven, aliyekufa mwaka 1978, alisaidia wapishi wa Chimay na wa Rochefort kutengeneza kazi yao baada ya vita, naye amezikwa huko Scourmont, kwenye abasia ya Chimay. Brasserie de Léopoldville ilipoanzishwa mwaka 1923, elimu iliyopanda mashua kuja Congo ilikuwa ile ya kilo, si tena ile ya pipa.

Uingereza ilikuwa imetangulia kidogo. Mwaka 1880 Gladstone aliondoa kodi ya kimea, akaweka kodi ya maji matamu kwa kipimo kile cha kuelea. Sheria yake ilisema kwamba kila busheli 2 za kimea zihesabiwe kuwa zimeleta galoni 36 za maji matamu yenye uzito wa 1057, tukisema maji tupu ni 1000. Tumefanya hesabu: busheli 2, kwa ratili 42 kila moja, ni kilo 38 hivi, galoni 36 ni litri 164 hivi. Sheria basi ilidai mavuno ya karibu 82 kwa mia. Mupishi wa kuuza aliyefanya kazi hovyo alilipa kodi ya pombe ambayo hajaiona.

Sheria hiyohiyo ilimutaka mutu anayepika nyumbani kwake achukue ruhusa. Kazi ya nyumbani ikapungua sana. Ruhusa iliondolewa mwaka 1963, siku za Waziri Reginald Maudling, na Marekani Rais Carter alitia sahihi sheria ya kuwafungua wapishi wa nyumbani mwezi Oktoba 1978, ikaanza kutumika Februari 1979. (Hatusemi hapa juu ya lutuku. Ile ni habari nyingine, na kila parokia inaijua.) Wapishi hao wa nyumbani hawakuwa na mapipa ya shaba. Dave Line, Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1974, aliwafundisha kutumia ndoo ya plastiki na mufuko wa kitambaa. Wamarekani walishika sanduku la kuchungia vinywaji baridi safarini, wakagundua kwamba lililofanywa kuzuia joto lisiingie linazuia pia joto lisitoke. Chini yake wakatia bomba lenye matundu.

Na wote wakarudia swali lile la zamani. Mutu ana kilo 5 za kimea, anataka litri 23. Kilo moja ya kimea kizuri, utamu wake wote ukitoka, inaweza kupandisha litri moja ya maji kwa alama 300 hivi juu ya 1000. Kilo 5 ni alama 1500. Ukigawanya kwa 23 unapata 65. Akitoa 75 kwa mia, maji yake yatapima 1049. Akitoa 60 kwa mia, yatapima 1039, na kufikia 1049 angehitaji kilo 6 na robo. Tofauti hiyo inatoka wapi? Mara nyingi katika kusaga. Mbegu zikipita nzima katika mashini, maji hayaingii. Zikisagwa kuwa vumbi, uji unaziba chujio kama udongo wa mufinyanzi, kwa sababu maganda ndiyo yanayofungua njia ya maji. Kisha joto: digri 65 mpaka 67, na kukoroga ili kusiwe na vidonge vikavu ndani. Kisha maji yenyewe, kwani enzimu zinapenda uchachu kidogo, pH ya 5.2 mpaka 5.6. Kipimo hicho cha pH kilitoka kwa Sørensen mwaka 1909, katika maabara ya kiwanda cha pombe cha Carlsberg. Tena haraka inaharibu: anayefungua bomba lote, maji yanachimba mufereji mumoja katika machicha na kuacha utamu kandokando.

Wako wanaokimbilia 90 kwa mia. Sisi hatuwasifu. Machicha yakioshwa kupita kiasi, maji yakizidi digri 78 ao uzito wa maji yanayotoka ukishuka chini ya 1010, maganda yanaanza kutoa uchungu wa kukausha ulimi, na akiba ya kilo nusu ya kimea inaharibu litri zote 23. Viwanda vyenye chujio la kukamua vinaweza kupata karibu yote, kwa kuwa vinatumia maji machache na muda mufupi. Mupishi wa nyumbani hana chujio hilo, na hata angekuwa nalo, kimea chake ni cha kilo 5 tu.

Wengine kati yao wamerudia njia ya zamani. Wanatoa maji ya kwanza bila kunyunyiza sana, wanafanya pombe kali ya sikukuu. Kisha wanamwaga maji ya moto mara ya pili juu ya machicha yaleyale, wanafanya pombe nyepesi ya kunywa muchana. Kipimo kinawaambia ni utamu gani umebaki kwa hiyo ya pili. Yanayosalia wanawapa kuku.